Gogo la Kaya Yangu

Jumatatu, 10 Oktoba 1994

Leokadia kachomwa sindano, kameza vidonge mbele ya nesi, tumerudi. Kila siku ni hivyo isipokuwa Jumapili. Mimi nasukuma baiskeli, yeye kakaa kwenye keria, kanga mdomoni. Mdogo wangu huyu zamani alikuwa akibeba gunia la mpunga peke yake. Sasa namsukuma na sisikii uzito. Nesi karudia wimbo wake: dozi isikatike. Ikikatika mnaanza upya, na kifua kikuu kikishazoea dawa hakitoki tena.

Mtoni maji yamebaki ya magoti. Tumepita juu ya magogo ya daraja letu hata hivyo, Leokadia hapendi kulowa. Magogo mawili ya upande wa chini yamelegea. Nimepita kwa wenyewe, nimewaambia waje kuyakaza kabla ya mvua. Wamesema watakuja. Watakuja, huwa wanakuja.

Nimekuta pikipiki ya Bwana Maendeleo wa Halmashauri uani kwangu. Sikuwa na hamu ya wageni. Nimemwambia arudi Alhamisi, nimechoka.

Alhamisi, 13 Oktoba

Karudi. Kanywa uji bakuli mbili, kasifu uji.

Anasema Halmashauri sasa haitaki kufanya kazi peke yake. Inataka ubia na vikundi vya kujitolea. Neno lake ni ushirikishwaji. Kalisema mara nyingi mpaka Leokadia chumbani akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kikundi chetu cha daraja kimesikika mpaka mjini, anasema. Watu wanaotengeneza daraja lao kila mwaka bila kusukumwa na mtu. Sisi tulete mawe, mchanga na mikono. Wao walete saruji, nondo na fundi. Daraja la zege, lori lipite na mpunga.

Aliniita Mama Mwenyekiti. Hakuniita Yasinta hata mara moja. Najua kilemba cha ukoka nikivishwa. Nilikivaa hata hivyo, na kilinikaa vizuri.

Nimefikiria Leokadia kwenye keria, masika, juu ya zege kavu. Nimekubali kuitisha mkutano.

Jumapili, 16 Oktoba

Mkutano baada ya ibada. Watu wengi kuliko ninavyowaona kanisani.

Bwana Maendeleo kaeleza vizuri, nampa haki yake. Watu wamepiga makofi. Kisha katoa la mwisho, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Mgeni rasmi anakuja kuweka jiwe la msingi. Hawezi kuweka jiwe huku magogo yamelala pale pale, itaonekana hatuko tayari kwa maendeleo. Basi magogo yang'olewe, na kwa kuwa ni mazuri na ni marefu, yafanyiwe jukwaa.

Makofi yalikatika.

Yeye hakuelewa kwa nini. Ni mtu wa mbali. Huku kwetu kila kaya ina gogo lake mtoni. Ukijenga nyumba, ukapata moto wako, unakata gogo, unatia alama yako ya shoka, unalilaza na ya wenzako. Likilegea unalikaza, likioza unaleta lingine. Haliondolewi. Linaondolewa siku moja tu, kaya ikifa ikaisha, hakuna mtu wa kurithi moto. Siku hiyo linavutwa, linachomwa kilioni, watu wanaota moto wake usiku ule na yameisha. Damiano wangu alipokufa ndugu zake walikuja na kamba kulivuta lake, kwa kuwa hatukuwa na mtoto. Nilikaa juu yake tangu asubuhi mpaka jua la mchana. Niliwaambia kaya ni mimi. Waliondoka na kamba yao.

Sasa huyu anataka tuvute yote kwa siku moja.

Wazee walitazamana. Nikadhani watakataa. Akasimama Shija. Alikuja miaka ya nyuma na ng'ombe zake kutoka Usukumani, watu walimwita mpitaji mpaka alipolaza gogo, na ng'ombe wake ndio wanaotuvutia magogo yote tangu hapo. Akasema yeye gogo lake analitoa. Zege ni la wote, na yeye hataki isemwe Msukuma ndiye aliyezuia daraja. Baada ya hapo nani angebisha? Kila mtu akaogopa kuonekana mshamba kuliko Shija.

Nikauliza ujenzi unaanza lini. Wiki inayofuata sherehe, akasema. Mto uko magotini, mtavuka kwa miguu, Mama Mwenyekiti.

Ijumaa, 21 Oktoba

Wameyavuta leo. Ng'ombe wa Shija wanne. Hakuna aliyeimba. Kawaida watu huimba wakiyalaza.

Mama mmoja alijifunga kanga kiunoni kama mfiwa. Nimemwelewa.

Langu nimekataa. Nimesema mbele ya Bwana Maendeleo na mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Jukwaa linatosha bila gogo la Damiano. Bwana Maendeleo kacheka, kasema moja halina neno, watalifunika na matawi. Wenzangu hawakucheka. Mimi ndiye niliyeitisha mkutano, mimi ndiye Mama Mwenyekiti, halafu la kwangu limebaki. Nimeona nyuso zao.

Wana haki ya kununa. Sijutii.

Jumatano, 26 Oktoba

Sherehe. Mgeni rasmi kachelewa mpaka jua limegeuka. Tumekaa mavumbini, wao juu ya magogo yetu. Jukwaa refu, limepigiliwa mbao na misumari, juu yake mazulia. Magogo mengine wameyakata vipande kuwa miguu ya jukwaa. Hilo halikuwemo katika makubaliano. Niliona alama ya shoka ya jirani yangu chini ya kiti cha mgeni rasmi, imepinduliwa.

Hotuba: Halmashauri na wananchi ni mikono miwili ya mwili mmoja. Kikundi hiki ni mfano kwa wilaya nzima. Tukaambiwa tusimame tupigiwe makofi. Tukasimama. Leokadia hakuweza kusimama muda mrefu, akakaa.

Jiwe likawekwa. Kibao kikachomekwa: MRADI WA DARAJA. HALMASHAURI NA WANANCHI. Rangi ya mafuta, inang'aa. Mbuzi wetu wakaliwa. Magari yakaondoka.

Jumanne, 8 Novemba

Wiki inayofuata sherehe imepita. Hakuna fundi.

Mifuko michache ya saruji ilikuja kwa trekta, imewekwa stoo ya shule. Mawe na mchanga wetu uko pale, tumeukusanya wenyewe, wanawake kwa ndoo. Jukwaa liko pale. Mbuzi wanalala juu yake.

Tunavuka kwa miguu. Leokadia nambeba mgongoni, baiskeli naifuata baadaye. Naweza. Bado naweza.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimekwenda Halmashauri baada ya sindano. Nimekaa kwenye benchi mpaka Leokadia akalala begani kwangu.

Bwana Maendeleo alitoka, akanisalimia vizuri. Fundi yuko kwenye mradi mwingine, upande wa Sitalike. Nondo zinasubiri treni. Tuwe na subira, ubia ni safari. Nikamwambia mawingu yameanza kukaa upande wa Katumba. Akatazama juu, akasema kweli.

Nikamwomba basi, turudishe magogo kwa sasa. Akashtuka. Magogo yaliingizwa kwenye hesabu ya mradi kama mchango wa nguvu za wananchi. Jukwaa sasa ni mali ya Halmashauri. Mtu akilibomoa atakuwa anahujumu mradi. Alisema kwa upole kabisa. Ningependa angefoka.

Zamani tulikuwa washamba wenye daraja. Sasa tu wabia.

Jumapili, 20 Novemba

Mvua. Usiku kucha na asubuhi yote. Mto umepanda, maji mekundu, yanabeba matawi. Gogo la Damiano linaonekana, maji yanalipita chini kidogo tu.

Gogo moja.

Jumatano, 23 Novemba

Juzi na jana hatukwenda. Leo tumejaribu. Mto huu si mpana lakini una kina, na kwenye gogo moja hakuna pa kuweka mguu wa pili. Watu wenye nguvu wanavuka wameinama, mikono mbele. Wanafunzi hawaendi shule. Mpunga wa kupandikiza uko ng'ambo, watu wanautazama.

Leokadia alifika katikati akasimama. Akasema kizunguzungu. Nikamrudisha kinyumenyume, hatua kwa hatua, nikimshika kiuno. Tukarudi nyumbani. Dozi imekatika kwa siku tatu.

Mjini hatuna pa kulala. Shemeji yetu alisema nyumba yake ndogo. Nyumba yake si ndogo, anaogopa kifua. Wodi imejaa mpaka kibarazani. Na gogo jipya halivutwi kutoka msituni kwenye tope hili hata kwa ng'ombe wa Shija, nimemtuma mtu amwulize.

Nimetuma mtu kwa sababu hatusemezani. Hasemi kwa nini. Anajua alitoa lake kwa moyo mweupe, na mimi nikabaki na langu.

Ijumaa, 25 Novemba

Leokadia kaanguka.

Alitaka kujaribu mwenyewe. Alisema amechoka kunisikia nikihesabu. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika ncha ya kanga yake. Gogo limevaa ute kwa maji, mguu ukateleza, kanga ikabaki mkononi mwangu. Maji yakamchukua mpaka kwenye matete ya chini, pale wanaponyweshea ng'ombe. Watu wa Shija wakamtoa. Yu hai. Kameza maji mengi, na kifua hiki.

Usiku huu makohozi yana damu tena. Ilikuwa imeacha.

Nimelichukia gogo la Damiano. Naliandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema. Kama ningelitoa na lenyewe, asingepanda juu ya kitu. Angekaa nyumbani. Halafu angekufa nyumbani, polepole. Sijui ninachotaka.

Jumatatu, 28 Novemba

Habari imefika mjini. Sasa pikipiki ya Bwana Maendeleo imepata njia, imezunguka barabara ya juu, mwendo wa siku nzima, mpaka kwangu. Nilifikiri kaja kumpa pole mgonjwa.

Alisema pole, ndiyo. Kisha akasema ajali imetokea ndani ya eneo la mradi, juu ya gogo ambalo halikuidhinishwa. Lingetolewa pamoja na mengine, haya yasingetokea. Wakubwa wameuliza. Gogo liondolewe kabla ya mwisho wa wiki kwa usalama wa wananchi, na Mama Mwenyekiti ndiye atakayesimamia.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Sikumpa.

Nilimwuliza watu watavukia nini. Akasema ndiyo maana tunajenga daraja.

Nimeingia ndani nikamwacha na mwenyekiti wa kijiji. Nikakaa sakafuni. Leokadia akaniuliza kulikoni. Nikasema hakuna.

Alhamisi, 1 Desemba

Leokadia hataki tena. Amesema wazi leo, bila kulia. Hata nikimfikisha, ataanza upya kuchomwa, na kila siku ni mto. Amechoka kuvuka. Kaniomba nimpikie mlenda na kuacha kumsumbua.

Nimempikia mlenda. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa ajili yake.

Wanakikundi wanapita mbele ya nyumba hawaingii. Mmoja wao kasema kisimani kwamba tumejitakia. Tulivuta magogo ya kaya zote siku moja, basi tumezizika kaya zote, na Leokadia ni wa kwanza. Wengine wakaitikia. Na wanaogopa mawili kwa pamoja. Wanaogopa Halmashauri wakigusa jukwaa. Na hata Halmashauri isingekuwepo, wanaogopa kulirudisha gogo lililokwisha kuvutwa, kwa kuwa ni kulaza maiti mtoni watoto wapite juu yake. Hakuna mzee aliyewahi kuona gogo likirudi. Hakuna anayejua inafanywaje.

Kesho kutwa mwisho wa wiki. Sitaliondoa. Waje na kamba.

Jumamosi, 3 Desemba

Hawakuja na kamba. Alikuja Shija.

Alisimama mlangoni na fimbo yake, akavua kofia. Hajawahi kuvua kofia kwangu. Akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia ukweli. Akakaa kwenye kigoda. Kisha akasema, na nayaandika maneno yake kama yalivyo, mayu kwao ni mama:

"Mayu, mimi mila hii ya magogo sikuzaliwa nayo. Nyie ndio mlinifundisha. Haya, nifundisheni na namna ya kulirudisha, maana nalitaka."

Nikamwambia hatujui. Haijawahi kufanywa. Akanitazama kama ninamficha kitu. Hajui kwamba nasi tunabahatisha.

Nikafikiri. Nikamwuliza siku ile alipolaza gogo lake la kwanza alifanyaje. Akasema alikuja kama mgeni. Akasimama ukingoni, akataja jina lake, ametoka wapi, ana nani nyumbani, anaomba kupita na kupitisha. Halafu akalilaza.

Nikamwambia basi fanya hivyo hivyo. Kaya ya zamani imekufa kweli, tusibishane na mila. Wewe ni mgeni mpya. Njoo upya.

Akafikiri na yeye. Akasema, "Sawa mayu. Ugeni nauweza." Nikacheka, mara ya kwanza tangu mvua ianze.

Jumapili, 4 Desemba

Mchana, watu wakitoka kanisani, Shija alipanda jukwaani na nyundo. Mtendaji wa kijiji alikuwepo. Akasema Shija, hiyo ni mali ya Halmashauri. Shija akasema anaitafuta alama yake tu, akiipata anashuka. Akaendelea kung'oa mbao. Mtendaji alitazama watu, watu wakamtazama. Akakumbuka ana shughuli nyumbani.

Gogo lilikuwa chini kabisa. Ng'ombe wawili walitosha kulivuta. Shija kasimama ukingoni, maji yakivuma, kataja jina lake na la baba yake na kwao, kama mtu aliyeshuka leo. Hakuna aliyemcheka. Kisha wakalilaza kando ya la Damiano.

Yakawa mawili. Watu wakabaki wamesimama.

Yule aliyesema kisimani kwamba tumejitakia ndiye aliyefuata. Kazaliwa hapa, babu yake kazikwa hapa. Kasimama ukingoni kama mgeni, kataja jina, kaomba kupita. Baada yake sikuwahesabu. Ambao magogo yao yalikatwa miguu walisimama pembeni mikono mitupu. Hao ndio niliowaonea huruma zaidi. Wenzao wamewaita washike ncha.

Ilipofika zamu yangu nikasema mimi sihitaji, langu halijatoka. Shija akaniambia kwa sauti ya chini hata wewe, mayu. Nikanuna. Kisha nikaenda. Nikasimama nikasema mimi ni Yasinta, mjane wa Damiano, nyumbani nina mdogo wangu Leokadia, mgonjwa, naomba apite.

Jumanne, 6 Desemba

Leokadia kakataa kuvuka jana. Kakataa leo asubuhi. Mchana kaniuliza kama Shija alijitambulisha kweli kama mgeni. Nikamwambia. Kacheka, kakohoa. Kaomba viatu.

Ijumaa, 9 Desemba

Bwana Maendeleo kaja, safari hii kwa njia ya karibu. Kapita juu ya magogo na pikipiki yake, akisukumwa na watu wawili. Kaona jukwaa limebaki mifupa. Hakufoka. Kasema masika yakiisha mgeni rasmi atakuja tena kukagua, itabidi pawe na jukwaa. Kauliza kama kikundi kinaweza kuchangia magogo.

Nilimwangalia nikaona hata hana ubaya. Ametumwa, atatumwa tena. Hilo ndilo lililonichosha.

Saruji ya stoo ya shule imeganda yote. Mifuko migumu. Wanafunzi wameifanya ngazi ya mlangoni.

Jumamosi, 10 Desemba

Sindano ya kwanza ilikuwa Jumatano. Nesi kamgombeza, kaandika upya, kamchoma. Hakusema kama dawa itamkubali safari hii. Nami sikuuliza. Tutaona.

Magogo yana misumari ya jukwaa. Watoto wanavuka miguu mitupu. Leo mvua imepumzika, nimekaa mtoni na nyundo ya Shija, nimeing'oa inayong'oka na inayokataa nimeilaza. Leokadia kakaa ukingoni juani, kanga mdomoni, ananionyesha niliyoiruka.

Pale magogo yaliyokatwa miguu yalipokuwa pamebaki pengo, mguu wa mtoto unaingia. Nimetafuta ubao. Uliokuwa karibu ni kile kibao cha mradi. Nimekichomoa, kimefika sawasawa. Nimekilaza maandishi yakiwa chini, kwa sababu rangi ya mafuta inateleza.

Tumevuka. Baiskeli imepita juu yake bila kurukaruka.